Viktor Maslov, Babu wa Kandanda

Leo nataka kuwasimulia habari za mtu ambaye kazi yake twaiona kila tuendapo uwanjani, ilhali jina lake wengi wetu hatulijui. Mtu huyo ni marehemu Viktor Maslov wa Urusi.

Alizaliwa Moscow mwaka 1910. Katika miaka ya 1930 alicheza kiungo katika Torpedo, timu ya kiwanda cha magari, akawa nahodha wake. Baadaye akaifunza timu hiyo hiyo, na mwaka 1960 ikatwaa ligi na kombe la Muungano wa Kisovyeti kwa mpigo. Wachezaji walimpenda, wakamwita Babu.

Mwaka 1964 akahamia Dynamo ya Kyiv, huko Ukraine. Hapo ndipo alipofanya jambo lililotaka moyo. Siku hizo mawinga ndio waliokuwa vipenzi vya watazamaji. Maslov akawapunguza, akaweka watu wanne katikati, na kuwaamuru wote wamvamie mpinzani mwenye mpira pale pale, wasimpe nafasi ya kupumua. Valeriy Lobanovskyi, winga aliyependwa mno mjini humo, akakosa namba, akaondoka. Babu hakuyumba. Kwake hapakuwa na nyota aliyeishinda timu kwa ukubwa.

Matunda yakaonekana. Dynamo ilitwaa ubingwa mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1967 iliitoa Celtic ya Scotland, bingwa wa Ulaya, kwa kuilaza 2-1 kwao Glasgow na kutoka sare 1-1 Kyiv.

Lakini fadhila ya punda ni mateke. Matokeo yalipolegea mwaka 1970, wakubwa walimfukuza, timu ikiwa safarini Moscow. Hakukaa akalia. Alirudi Torpedo akatwaa kombe la nchi mwaka 1972, kisha akalitwaa tena mwaka 1975 na Ararat ya Yerevan. Alifariki mwaka 1977.

La ajabu ni kwamba Lobanovskyi, yule yule aliyeachwa, alipokuja kuwa mwalimu wa Dynamo alishika njia ile ile ya kuwabana wapinzani, akaipatia Kombe la Washindi la Ulaya mwaka 1975 na 1986. Mimi naona hakuna shahidi aliye bora kuliko huyo. Basi nasi, mwalimu akimweka benchi kipenzi chetu, tusikimbilie kumzomea. Tumpe muda kwanza, tuone alichokusudia.