Bakhita: Mungu Hasahau Agano Lake

Wapo waamini wanaoomba miaka mingi bila kuona jibu, hata wakaanza kudhani kwamba Mungu amesahau ahadi zake. Kwa ajili yao, leo tuyatazame maisha ya Mtakatifu Yosefina Bakhita.

Alizaliwa karibu na mwaka 1869 huko Darfur, Sudan. Akiwa bado mtoto mdogo alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa. Kwa hofu kubwa alisahau hata jina alilopewa na wazazi wake. Jina Bakhita, lenye maana ya mwenye bahati, alipewa na watekaji. Aliuzwa mara kadhaa. Katika nyumba ya jemadari mmoja alichanjwa chale mwilini na vidonda vikasuguliwa chumvi. Makovu yale, zaidi ya mia moja, alikufa nayo.

Mwaka 1883 alinunuliwa mjini Khartoum na mwakilishi wa serikali ya Italia, ambaye baada ya miaka miwili alimchukua hadi kwao. Huko alikabidhiwa kwa familia nyingine awe yaya. Mama wa nyumba hiyo aliposafiri, alimwacha Bakhita pamoja na mtoto kwa Masista Wakanosa mjini Venice. Kwa masista alifundishwa katekisimu. Tangu utotoni alikuwa akitazama jua na nyota na kujiuliza ni nani mwenye vitu hivi. Sasa alimfahamu, tena akaelewa kwamba Yeye ndiye aliyemjua kwanza.

Mama yule aliporudi kumchukua, Bakhita alikataa kuondoka. Shauri likafika mahakamani, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba yu huru. Tarehe 9 Januari 1890 alipokea Ubatizo, Kipaimara na Komunyo ya kwanza. Baadaye mara nyingi alionekana akikibusu kisima cha Ubatizo, kwa maana hapo ndipo alipofanyika mwana wa Mungu. Aliweka nadhiri mwaka 1896. Alitumikia miaka mingi katika konventi ya Schio akiwa mpishi, msakristia na bawabu, hadi alipofariki tarehe 8 Februari 1947. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu mwaka 2000.

Ndugu zangu, tusikimbilie mwisho mwema. Bakhita hakumwona tena mama yake. Jina lake la kuzaliwa halikurudi, na makovu hayakufutika. Basi, Mungu alitimiza nini? Alitimiza kile alichomwahidi Abrahamu, yaani kuwa Mungu wake na wa uzao wake, ahadi aliyoitia muhuri kwa damu ya Kristo. Hakuahidi kwamba hatutapoteza kitu. Aliahidi kwamba sisi hatutapotea mikononi mwake.

Agano hilo halitegemei kumbukumbu yetu, wala ukubwa wa imani yetu. Msichana aliyesahau jina lake hakusahauliwa na Mungu. Hata wewe uliyechoka kusubiri hukusahauliwa.

Leo unapochovya kidole katika maji ya baraka mlangoni mwa kanisa, usifanye kwa mazoea. Kumbuka siku uliyobatizwa. Aliyekuita siku ile kwa jina lako ni mwaminifu.