David Bruce, Mganga wa Jeshi Aliyeifuatia Homa ya Maziwa

Askari wa Jinja au Mbale ashikwapo na homa ijayo na kuondoka kwa majuma, pamoja na jasho jingi usiku na maumivu ya mgongo na viungo, mara nyingi hutibiwa malaria kwanza, kisha homa ya matumbo. Ni nadra kuulizwa kama maziwa aliyokunywa yalichemshwa. Mtu aliyeanza kuifuatia homa hiyo alikuwa mwanajeshi, nasi twaona yafaa maisha yake yajulikane kambini.

David Bruce alizaliwa Melbourne, Australia, tarehe 29 Mei 1855, akakulia Stirling, Uskoti. Alihitimu udaktari Edinburgh mwaka 1881, akaingia jeshi la Uingereza, na mwaka 1884 akapelekwa kisiwani Malta, ambako homa iliwalaza askari kitandani kwa miezi. Mwaka 1887 alikipata kijidudu chake katika bandama za askari waliofariki. Kijidudu hicho chaitwa Brucella hadi leo, kwa heshima yake. Lakini hakujua kiliwaingiaje askari.

Miaka kumi na minane ikapita. Katika tume aliyoiongoza Bruce tangu 1904 alikuwamo daktari Mmalta, Themistocles Zammit. Mwaka 1905 huyu alipima damu ya mbuzi, akagundua wameambukizwa hali waonekana wazima kabisa. Mbuzi hao walipitishwa mlango kwa mlango na kukamuliwa papo hapo. Mwaka 1906 maziwa yao yalipigwa marufuku jeshini, na homa ikakaribia kutoweka kambini. Sifa nyingi alipewa Bruce. Sisi twaihesabu kazi hiyo kuwa ya Zammit.

Uganda ilimjua Bruce kwa jambo jingine. Alifika Entebbe mwaka 1903, wakati malale yakiwafyeka watu wa Busoga, nchi ya Jinja, akathibitisha kwamba mbung'o ndiye aenezaye. Aliporudi kati ya 1908 na 1910, yeye na wenzake walichunguza maradhi ambayo wenyeji waliyaita muhinyo, wakakuta ni ile ile homa ya Malta. Basi haikuja na ng'ombe wa kizungu, kama wengine wadhanivyo.

Bruce hakuwa na dawa ya kuiponya. Siku hizi madaktari hutoa doksisaiklini kwa majuma sita, pamoja na rifampisini kwa muda huo huo, au sindano za streptomaisini kwa majuma mawili au matatu. Dawa moja peke yake, au kuziacha homa ishukapo, huweza kuurudisha ugonjwa. Kipimo cha haraka cha tone la damu hutoa fununu tu. Penye shaka, damu huoteshwa maabara. Na mgonjwa hana budi kumwambia mganga kama amekunywa maziwa mabichi, amechinja, au amemhudumia ng'ombe aliyetupa mimba.

Katika safari hizo zote mkewe, Mary, alikuwa msaidizi wake wa maabara. Mary alifariki Novemba 1931. Tarehe 27 ya mwezi huo, ibada ya mazishi yake ikiendelea, Bruce naye akakata roho mjini London.