Madami wa Epulu: mchoraji aliyejifunza upya porini

Watu wa Epulu walimwita Madami. Jina lake ni Anne Eisner, mzaliwa wa Newark, Marekani, mwaka 1911, na kazi yake ilikuwa kuchora. Alisomea sanaa New York, akaonyesha picha zake mjini humo, na angeweza kubaki hukohuko. Lakini mwaka 1946 alifunga safari ya kuja Congo, wakati huo koloni ya Wabeleji, pamoja na Patrick Putnam, Mmarekani ambaye baadaye walioana.

Putnam alikuwa mwenyeji wa Ituri tayari. Miaka ya 1930 alijenga kambi kando ya mto Epulu, kwenye barabara ya kutoka Mambasa kwenda Kisangani, yenye nyumba za wageni na mahali pa kutunzia wagonjwa. Kambi kama ile haina mapumziko. Wageni wanataka kula, wagonjwa wako mlangoni, wafanyakazi wanahitaji malipo. Tena bwana alikuwa na wake wengine wa hukuhuku kwetu, jambo ambalo Madami ilibidi alizoee. Mtu wa kuchora apate wapi muda?

Kilichombadilisha si uzuri wa pori peke yake. Aliingia kambi za Bambuti, akakaa na wanawake, akalea watoto wachanga waliofiwa na mama zao, akishirikiana nao, maana kule mtoto si wa mama mmoja tu. Na wanawake hao nao ni wachoraji. Gome la mti linapondwa mpaka linakuwa laini kama nguo, halafu wanatia mistari kwa maji ya matunda na makaa, bila rula, bila kuiga kitu chochote. Yeye alifundishwa kuchora kitu jinsi jicho linavyokiona! Akaanza kukusanya nguo hizo, akaandika pia hadithi za Bambuti.

Ugonjwa wa mapafu ulimdhoofisha Putnam miaka mingi. Alikufa mwezi wa kumi na mbili 1953. Mwaka uliofuata Madami alirudi New York, na kitabu chake juu ya Epulu, alichoandika pamoja na mwanahabari Allan Keller, kikatoka. Ni kitabu cha kusisimua, kimetengenezwa kwa wasomaji wa kule. Mwenyewe anaonekana vizuri zaidi kwenye picha. Mjini New York aliendelea kuchora Ituri, na mkono ulikuwa umebadilika: miti na watu vimegeuka mistari na madoa ya rangi, karibu na nguo ya gome kuliko masomo yake ya zamani.

Alirudi Epulu tena mwaka 1957, akakaa mpaka 1958. Alifariki mwaka 1967. Maandishi yake yanatunzwa Chuo Kikuu cha Harvard, mbali sana kwa mwanafunzi wa Mambasa anayetaka kuyasoma.