Edison wa balbu alitaka gari la umeme lishinde la petroli. Nini kilimkwamisha?

Ukisikia jina la Thomas Edison, kichwani inakuja balbu. Sawa kabisa. Lakini mzee huyu alitumia karibu miaka 10 na hela nyingi akipambana na swali ambalo leo kila anayetaka kununua gari analiuliza: la umeme ni nafuu kweli kuliko la petroli?

Alikopita yeye, kuna kitu na wewe unaweza kujifunza kabla hujatoa hela yako.

Muuza magazeti kwenye treni

Edison alizaliwa Februari 11, 1847, Milan, jimbo la Ohio, Marekani. Shuleni alikaa kwa muda mfupi tu, mama yake akamfundisha nyumbani. Akiwa bado kijana mdogo alikuwa akiuza magazeti na pipi kwenye treni. Baadaye akajifunza telegrafu, na huko ndiko alikoanza kuujua umeme.

Mwaka 1877 akatoa mashine ya kurekodi na kucheza sauti. 1879 ikaja balbu yake. 1882 akawasha kituo cha umeme cha Pearl Street, New York. Akawa maarufu, na pesa akaipata.

Betri iliyomtesa

Kufikia mwaka 1900, karibu theluthi moja ya magari ya Marekani yalikuwa ya umeme. Ndiyo, umesoma vizuri, 1900. Hayakuwa na kelele wala moshi. La petroli lilibidi uliwashe kwa kuzungusha chuma mbele ya injini, na ukizubaa kinakuvunja mkono.

Tatizo lilikuwa betri. Za wakati ule zilikuwa za risasi na asidi: nzito na zinachoka haraka. Ukinunua gari, baada ya muda unanunua betri tena. Hapo ndipo unafuu ulipokuwa unapotelea.

Edison akaona nafasi. Karibu na 1899 akaanza kutafuta betri ya nikeli na chuma, itakayodumu miaka mingi. Wasaidizi wake wakafanya majaribio maelfu kwa maelfu kwenye maabara yake ya West Orange, New Jersey.

Mwaka 1903 akaiingiza sokoni kwa mbwembwe. Kumbe mambo bado. Betri zikaanza kuvuja, nyingine zikapoteza nguvu. Edison angeweza kuendelea kuuza kimya kimya. Badala yake akasimamisha uzalishaji, akarudi maabara na kuanza upya. Ilimchukua hadi 1909 kupata betri aliyoridhika nayo.

Safari hii ilikuwa betri kweli. Ilidumu muda mrefu sana na ilivumilia kuchajiwa vibaya. Ila ilikuwa ghali, na kwenye baridi kali nguvu zilipungua.

Rafiki aliyempiga bao

Hapa ndipo stori inapochekesha. Mtu aliyeua soko la gari la umeme alikuwa rafiki yake, Henry Ford.

Ford aliwahi kuwa mhandisi mkuu wa kampuni ya umeme ya Edison mjini Detroit. Walikutana 1896, Ford akamweleza kuhusu gari lake la petroli. Edison hakumkatisha tamaa. Alimtia moyo aendelee.

Ford akaendelea. 1908 akatoa Model T, ikaanza kwa dola 850 hivi. Bei ikawa inashuka kadiri kiwanda kilivyozidi kutengeneza mengi. Mwaka 1912, gari dogo la umeme lilikuwa linauzwa dola 1,750 wakati la petroli unalipata kwa dola 650. Mwaka huohuo Cadillac ikaja na stata ya umeme, kazi ya Charles Kettering. Ule usumbufu wa kuzungusha chuma ukaanza kuondoka.

Ongeza na hili: mafuta yaligunduliwa kwa wingi Texas mwaka 1901, na vijijini umeme haukuwepo. Mkulima angechajia wapi? Petroli aliweza kuiweka kwenye dumu.

Mwaka 1914 Ford na Edison wakaungana kutengeneza gari la umeme la bei nafuu. Magari ya majaribio yakatengenezwa, magazeti yakaandika. Sokoni halikufika kamwe. Desemba mwaka huohuo moto mkubwa ukateketeza majengo mengi ya Edison pale West Orange. Alikuwa na miaka 67. Akajenga tena.

Cha kushangaza, mke wa Ford, Clara, alikuwa akiendesha gari la umeme, Detroit Electric. Yaani nyumbani kwa mfalme wa petroli, mama mwenye nyumba anatumia betri.

Betri haikufa

Betri ya Edison haikuliokoa gari la umeme, lakini ilipata kazi kwingine: taa za wachimba migodi, ishara za reli, magari ya kubeba mizigo mjini. Wateja hao walipiga hesabu ya miaka mingi, na kwao kitu kinachodumu kililipa. Ikamwingizia Edison faida nzuri. Alifariki Oktoba 18, 1931, akiwa na miaka 84.

Sasa turudi kwenye swali. Mnunuzi wa 1912 aliangalia zaidi bei ya dukani, na petroli ikashinda. Leo betri zimeboreka sana, ila maswali ni yaleyale: bei ya kununua ni ngapi, betri itadumu miaka mingapi, utachajia wapi, na kwa siku unatembea kilomita ngapi? Anayezunguka barabarani kutwa nzima anarudisha hela yake haraka. Anayetoka Jumapili tu atasubiri sana.

Wewe uko upande gani?