Robert Brown na Jina la Kiini

Mwanafunzi wa biolojia akiulizwa sehemu za seli huzitaja bila kusita: kiini, mitokondria, ribosomu, utando. Ni wachache wajuao kwamba kiini kilionekana kwa zaidi ya karne moja kabla ya kupewa jina lililodumu. Aliyekipa jina hilo ni Robert Brown, na maisha yake yatufaa sisi walimu wa lugha sawa na yawafaavyo walimu wa sayansi.

Brown alizaliwa Montrose, Uskoti, mwaka 1773. Alisomea utabibu Edinburgh, akaondoka bila shahada na kuingia jeshini kama msaidizi wa tabibu. Alipokuwa Ireland alijifunza sarufi ya Kijerumani peke yake, huku akikusanya mimea. Mwaka 1801 alisafiri kwa meli ya Investigator hadi Australia chini ya nahodha Matthew Flinders, akarejea Uingereza mwaka 1805 na maelfu ya mimea iliyokaushwa.

Mwaka 1827 aliona vijipunje vya ndani ya chavua vikitikisika majini bila kukoma. Angeweza kutangaza kwamba ameona uhai wenyewe. Badala yake alijaribu vumbi la kioo na la mawe, navyo vikatikisika vivyo hivyo. Akauacha uhai kando.

Kwa uangalifu uo huo, mwaka 1831 aliwaeleza wanachama wa Linnean Society ya London habari za doa la mviringo katika seli za okidi. Mchoraji Franz Bauer alikwisha kulichora, na Brown hakumnyima sifa yake. Jipya lilikuwa hili: Brown alilikuta doa hilo katika seli za mimea mingi, akatambua kwamba si ajali, akaliita kwa neno la Kilatini lenye maana ya kokwa. Mwaka 1838 Matthias Schleiden alikifanya kiini kuwa msingi wa nadharia yake ya seli.

Brown alifariki mwaka 1858 bila kujua kazi ya kiini. Leo twajua kwamba humo ndimo yanamohifadhiwa maagizo ya urithi. Ribosomu huyafuata zikiunda protini, nayo mitokondria huipatia seli nishati.

Wapo wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi. Nawauliza: Brown alibuni neno gani la ajabu? Alichukua jina la kitu kinacholiwa, akalipa kazi mpya. Nasi twasema kiini cha yai na kiini cha jambo. Mtoto alisikiapo neno hilo darasani amekwisha kupata nusu ya maana. Anayekariri neno la kigeni asilolielewa hana hata robo yake. Mwalimu na aanze na yai, kisha ndipo aifungue hadubini.