Imamu Abu Hanifa, Mlezi wa Makadhi

Wasomaji wengi hulijua jina la Imamu Abu Hanifa (Mwenyezi Mungu amrehemu) kwa kuwa mojawapo ya madhehebu manne makubwa ya sheria ya Kiislamu huitwa kwa jina lake. Lakini namna alivyowalea wanafunzi waliokuja kuwa makadhi haijulikani sana, nasi twapenda kueleza hasa jambo hilo.

Jina lake ni Nuuman bin Thabit. Alizaliwa mjini Kufa, katika nchi ya Iraki, mwaka 80 Hijria (699), katika ukoo usiokuwa wa Kiarabu. Alifanya biashara ya vitambaa vya hariri, wala hakuiacha hata alipokuwa mwanachuoni mkubwa. Kwa hiyo hakuwa na haja ya kuwanyoshea mkono watawala. Sheria alijifunza kwa Hammad bin Abi Sulaiman kwa muda wa miaka 18 hivi, na Hammad alipofariki mwaka 120 Hijria (738), yeye akashika mahali pake.

Katika darasa lake swali liliwekwa mbele ya wote. Kila mwanafunzi alitoa hoja yake, hata kama ilimpinga Imamu mwenyewe, na suala moja liliweza kujadiliwa kwa siku nyingi.

Miongoni mwa wanafunzi hao alikuwamo Abu Yusuf, kijana fukara, ambaye jamaa zake walitaka aache masomo akatafute riziki. Imamu aliona pengo lake darasani, akauliza habari zake, akampa mfuko wa fedha. Tangu hapo akawa akimpa tena kila zilipokaribia kwisha, pasipo kungoja aombwe.

Hata hivyo upole wake haukuwa wa kudekeza. Inasimuliwa kwamba Abu Yusuf aliugua sana, na Imamu akamsifu mno mbele za watu. Kijana alipopona akajiona amekwisha kuwa mwalimu, akafungua darasa lake mwenyewe. Imamu hakumkemea. Alimtuma mtu akamwulize habari za dobi aliyepewa nguo, akakana kuwa hakupewa, kisha akairudisha imekwisha kufuliwa: je, anastahili ujira? Abu Yusuf akasema anastahili, akaambiwa amekosea. Akasema hastahili, akaambiwa amekosea tena. Akafikiri kwa muda, kisha akaondoka kwenda kwa mwalimu wake, naye akamweleza kwamba dobi akiwa aliifua kabla ya kukana, ana haki ya ujira, maana aliifua kwa ajili ya mwenyewe. Lakini akiwa aliifua baada ya kukana, hana haki, kwa kuwa wakati huo alikwisha ipora na kuifua kwa ajili ya nafsi yake. Basi kijana alionyeshwa kwamba kabla ya kuhukumu hukuuliza lililotangulia. Na ni bora kadhi alijue hilo kwa nguo ya dobi kuliko kwa shingo ya mtu.

Yeye mwenyewe alikataa ukadhi. Wasimulizi wa maisha yake husema kwamba chini ya Banu Umayya alipigwa mijeledi na Ibn Hubaira, gavana wa Iraki, kwa ajili ya kukataa kwake. Khalifa Mansur wa Banu Abbas naye alimtaka awe kadhi. Akakataa tena, akafungwa Baghdad, na huko akafariki mwaka 150 Hijria (767).

Baadaye Abu Yusuf aliukubali ukadhi ule ule, na katika zama za Harun Rashid akawa wa kwanza kuitwa Kadhi wa Makadhi. Wako waliomlaumu kwa kuukubali. Sisi twaona lawama hiyo imepita kiasi, kwani katika kitabu chake Al-Kharaj, alichomwandikia Khalifa huyo juu ya kodi za nchi, alikataza walipa kodi wasipigwe wala wasisimamishwe juani.

Mwanafunzi mwingine, Muhammad bin Hasan Shaibani, alikuwa bado kijana sana Imamu alipofariki, akakamilisha masomo kwa Abu Yusuf. Kwake yeye alisoma Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani yetu ya Afrika Mashariki.