Samora Machel: Dola ya Msumbiji ilivyolelewa Nachingwea

Na Mwandishi Wetu, Nachingwea

KATIBA ya kwanza ya Msumbiji ilipitishwa Juni 20, 1975 huko Tofo, mkoani Inhambane. Hata hivyo, mizizi yake iko Nachingwea, wilaya inayopakana na Ruangwa mkoani Lindi, ambako Samora Moises Machel alijifunza kutawala kabla hajawa na nchi ya kutawala.

Samora alizaliwa Septemba 29, 1933 katika kijiji cha Chilembene, mkoani Gaza. Alisomea uuguzi na kufanya kazi hospitalini Lourenço Marques, jiji linaloitwa sasa Maputo. Mwaka 1963 alitoroka hadi Dar es Salaam kujiunga na Frelimo, akapelekwa Algeria kwa mafunzo ya kijeshi. Filipe Magaia alipouawa Oktoba 1966, yeye ndiye aliyekabidhiwa jeshi.

Kambi kuu ya Nachingwea, iliyojulikana kama Farm 17, ilikuwa kwenye ardhi ya mradi wa karanga wa Waingereza. Mradi huo ulivunjwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36 za walipa kodi. Miongoni mwa vilivyonunuliwa ni matrekta makuukuu na hata vifaru vya kivita vilivyogeuzwa matrekta! Katika shamba hilo hilo wapiganaji walilima chakula chao, wakasoma na kujifunza siasa.

Suala la mali ya umma ndilo lililokaribia kuivunja Frelimo. Katika maeneo yaliyokombolewa ya Cabo Delgado, wakulima walibadilisha korosho, ufuta na karanga kwa chumvi, nguo na sabuni kutoka Tanzania. Biashara hiyo ilikuwa mikononi mwa Lázaro Nkavandame, kiongozi wa jimbo, na wananchi walilalamika kwamba mazao yao yalichukuliwa kwa bei ya kutupa huku bidhaa zikiuzwa ghali. Samora alikuwa upande wa waliotaka maduka yawe ya umma. Nkavandame alisimamishwa Januari 1969, na Machi mwaka huo akajisalimisha kwa Wareno.

Februari 3, 1969 Rais wa Frelimo, Eduardo Mondlane, aliuawa kwa bomu Dar es Salaam. Baada ya mvutano mkali, Uria Simango alifukuzwa na Mei 1970 Samora akawa Rais wa chama.

Nachingwea ina kumbukumbu nyingine isiyopendeza. Mei 1975, Simango, Nkavandame na wapinzani wengine walisimamishwa hapo mbele ya umati na kulazimishwa kukiri makosa. Baadaye wengi wao waliuawa bila kufikishwa mahakamani. Kwa maoni ya mwandishi, waraka wa Tofo hausomeki vizuri bila tukio hilo.

Mei 24, 1975 Samora alianza safari ya kuvuka Mto Ruvuma kuelekea kusini. Akiwa bado njiani, Kamati Kuu ya Frelimo ilipitisha Katiba bila kupigiwa kura na wananchi. Ilikipa chama uongozi wa dola na jamii, ikaamua kuwa Rais wa chama ndiye Rais wa nchi, na ikafanya ardhi na maliasili kuwa mali ya dola. Bunge la Wananchi lilitajwa kuwa chombo cha juu kabisa, lakini uchaguzi wake wa kwanza ulifanyika mwaka 1977. Uhuru ulitangazwa Juni 25, 1975.

Lile wazo la Cabo Delgado lilirudi katika sura ya maduka ya wananchi yaliyoendeshwa na serikali. Samora mwenyewe alipokagua maghala na bandari mwaka 1980, alikuta bidhaa zikioza huku watu wakipanga foleni. Alitangaza kwamba serikali ingeachia biashara ya rejareja kwa watu binafsi.

Oktoba 19, 1986 ndege yake iliyokuwa ikitoka Zambia ilianguka Mbuzini, Afrika Kusini, akafa pamoja na wenzake 34. Katiba aliyoiacha ilidumu hadi Novemba 1990, ilipopisha nyingine iliyoruhusu vyama vingi.